Ubashiri wa Kuazima

Wako watu katika nchi yetu, na baadhi yao ni wenye vyeo na elimu, wasemao kwamba utafiti wa maradhi magumu ni anasa ya mataifa tajiri. Sisi, husema, tuna njaa ya kuondoa, barabara za kutengeneza na watoto wa kusomesha. Saratani na waichunguze wenye fedha na mitambo, na siku watakapopata dawa tutainunua, au tutapewa. Hoja hii ina sura ya busara. Imevaa kanzu ya kubana matumizi, na msikilizaji asiyeipekua huitikia kwa kichwa. Mimi naipinga. Naipinga kwa kuwa historia ya Afrika ya Mashariki yenyewe inaikanusha, na kwa kuwa maradhi yenyewe hayaikubali.

Tuanze na maradhi. Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa saratani huuawa na uvimbe ule aliouona kwanza. Aghalabu sivyo. Uvimbe ulio katika titi waweza kukatwa ukatupwa, na titi si moyo wala si ubongo. Mtu huishi bila titi. Kiuacho ni safari ya uvimbe. Seli chache hubanduka, huingia katika damu au katika mishipa ya limfu, husafiri, kisha hutua katika mapafu, ini, mifupa au ubongo, na huko huanzisha makao mapya. Seli hizo ni ndogo hata jicho la tabibu halizioni, wala picha ya eksirei haizionyeshi. Kwa hiyo tabibu akiisha kumpasua mgonjwa na kulishona jeraha, husimama mbele ya swali gumu kuliko upasuaji wenyewe: je, zimekwisha kusafiri, au bado? Akibashiri kwamba zimesafiri, kumbe bado, atampa mgonjwa dawa kali zitakazomnyonyoa nywele, kumtapisha na kuidhoofisha damu yake, ilhali hakuzihitaji. Akibashiri kwamba hazijasafiri, kumbe ziko njiani, atamruhusu aende nyumbani kwa furaha, naye baada ya miaka miwili au mitatu atarudi akilia mgongo, mifupa imekwisha kuliwa.

Majibu ya swali hilo, kwa kadiri yalivyopatikana, hayakutoka katika kipaji cha mtu mmoja. Yametoka katika kuhesabu wagonjwa. Mwaka 1889 mpasuaji mmoja wa London, Stephen Paget, aliketi na kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akitaka kujua seli zilitua wapi. Wenzake wengi walidhani kwamba seli hutua popote damu izipelekapo, kama takataka zichukuliwazo na mafuriko. Paget akaona kwamba ini lilikuwa limeshikwa katika wanawake 241, na wengu katika 17 tu, ingawa viungo vyote viwili hupata damu kwa wingi. Akakata shauri kwamba seli ya saratani ni kama mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota katika udongo unaoifaa tu. Watafiti wa kuenea kwa saratani wangali wanalima katika shamba hilo hata leo. Angalieni, basi, vifaa vyake: karatasi, kalamu, na hospitali zilizokuwa na desturi ya kuandika nani alikufa na alikutwa na nini ndani ya mwili. Hapakuwa na mtambo hata mmoja.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. William Halsted, mpasuaji mashuhuri wa Baltimore huko Marekani, aliamini kwamba saratani hutambaa kwa utaratibu kama mizizi, kutoka katika titi hadi kwapani na mbele zaidi, na kwamba mpasuaji akikata kwa upana atang'oa mzizi wote. Tangu mwisho wa karne ya 19 wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, waliondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa, wakawaacha wanawake na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Jambo hili lilidumu kwa muda wa miaka 80 hivi. Wapasuaji wale walikuwa watu wenye akili, na wengi wao wenye huruma. Lakini hakuna aliyekuwa amelipima jambo lenyewe kwa haki. Ndipo Bernard Fisher wa Pittsburgh aliposhikilia kwamba neno la bingwa si ushahidi. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake waliwaomba wanawake wakubali kugawanywa kwa kura: hawa wapasuliwe kwa mtindo wa Halsted, na hawa wapasuliwe kwa kiasi. Wanawake 1,665 wakafuatiliwa, na hesabu ya miaka 25 ilipotangazwa mwaka 2002 ilionekana kwamba waliokatwa zaidi hawakuishi zaidi. Waliokuwa wafe walikuwa na seli zilizokwisha kuondoka kabla kisu hakijanolewa. Nawauliza wasemao kwamba utafiti ni anasa: anasa ni ipi hapo, kura ile ya Fisher, au ile miaka 80 ya kukata nyama za watu kwa dhana?

Katika karne hii ubashiri umeingia ndani ya seli. Mwaka 2002 wataalamu wa Amsterdam walichukua vipande vya uvimbe vya wanawake 78 wenye umri chini ya miaka 55, wakapima maelfu ya jeni zilizokuwa zikifanya kazi humo, wakachagua 70 ambazo zikitazamwa kwa pamoja huonyesha uvimbe upi una tabia ya kusafiri na upi ni mkaaji. Kipimo kingine, cha jeni 21, kilijaribiwa katika mashindano ya haki yaliyoshirikisha wanawake 10,273, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2018. Ilidhihirika kwamba wengi wa wanawake wenye saratani ya matiti ya aina ile inayolishwa na homoni, ikiwa haijafika katika tezi za kwapa, hawakupata faida yoyote katika dawa kali zile walizokuwa wakipewa kwa miaka mingi. Vidonge vya kuzuia homoni viliwatosha. Ni habari njema kweli kweli.

Hapo mpinzani wangu hushangilia. Umeona? husema, kazi imekwisha fanywa, sisi tununue kipimo tu. Polepole, bwana. Kipimo hakizaliwi na hekima. Hufundishwa, kama mtoto wa shule afundishwavyo kusoma, na husoma vizuri vitabu vile alivyofundishiwa. Vipimo hivi vimefundishwa kwa miili ya nani? Kwa sehemu kubwa sana, kwa miili ya wanawake wa Ulaya na wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitoa uchunguzi wa makumi ya maelfu ya wanawake waliopimwa kwa kipimo kile cha jeni 21, wakaona kwamba kilibashiri kwa usahihi mdogo zaidi juu ya wanawake weusi kuliko juu ya wanawake weupe. Wanawake hao wanaishi katika nchi moja na hutibiwa chini ya sheria moja, na bado kipimo kinawapotosha wengine. Sembuse mama wa Bungoma au wa Kitui, ambaye hakuna hata mmoja wa jamaa zake aliyewahi kuhesabiwa?

Wala tusidhani kwamba tukisema "mwili wa Mwafrika" tumemaliza. Iko aina ya saratani ya matiti iliyo kali kuliko nyingine, isiyo na vile vipokezi vitatu ambavyo dawa nyingi huvishika kama mpini. Husafiri upesi, na huwapata wanawake vijana. Wachunguzi walipolinganisha, waliona kwamba katika Ghana aina hii ilichukua nusu au zaidi ya wagonjwa waliochunguzwa, na katika Ethiopia ilikuwa sehemu ndogo tu, karibu na ile ya wanawake weupe wa Marekani. Afrika ni bara pana, na damu zake ni nyingi. Mtu wa Accra hawezi kumbashiria mtu wa Addis Ababa. Mtu wa Amsterdam atambashiria mtu wa Nairobi kwa njia gani? Wahenga walikwisha kutuonya juu ya nguo ya kuazima, kwamba haisitiri mwili, na ubashiri ni nguo ya namna hiyo hiyo: ulikatwa kwa kipimo cha bega la mtu mwingine.

Nimesema kwamba historia nayo inaikanusha hoja ya anasa. Inapasa niithibitishe, maana vijana wengi wa leo hawajasimuliwa habari hizi, na wanaosimuliwa huziona kama mambo ya Ulaya.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na tabibu mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa amepata kuona jambo kama lile. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa jicho nje dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mtu mvivu angalisema ni ajabu ya Mungu, akaendelea na zamu yake. Burkitt alitoka mbio, akampima mtoto yule, akakuta na tumbo lake lina uvimbe. Akarudi Kampala kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika kwa mara ya kwanza juu ya saratani ile ya watoto ambayo leo ulimwengu mzima huiita kwa jina lake. Ni saratani iendayo kwa kasi ya kutisha, kwani uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto asiyetibiwa hufa katika muda wa miezi michache.

Burkitt alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwenye jicho moja tu (la pili alilipoteza utotoni), na hakuwa na maabara ya kujivunia. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza: mmeona mtoto kama huyu? Kisha, mnamo Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu walilolinunua kwa pauni 250, wakasafiri kwa wiki kumi, maili 10,000 hivi, hadi kusini mwa bara, wakibisha hodi kila hospitali waliyoifikia. Kutokana na safari hiyo ramani ilichorwa. Uvimbe ule haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi wala katika nchi kavu. Ulikuwa katika ukanda wa joto na mvua, palepale malaria ilipotawala. Ndiyo maana katika Kenya ulionekana zaidi katika nchi za kando ya Ziwa na Pwani kuliko katika milima ya kati. Pauni 250! Kwa bei ya gari bovu, watu watatu walionyesha kwamba saratani yaweza kufungamana na mahali mtu aishipo. Hiyo ndiyo anasa tuambiwayo kuwa hatuiwezi.

Mambo hayakukoma hapo. Anthony Epstein wa London alimsikia Burkitt akihutubu mwaka 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Mnamo Desemba 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, na chupa ilipofika baada ya kuchelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangaliimwaga. Epstein aliyatazama, akakuta kwamba uchafu ule ulikuwa ni seli za uvimbe zilizobanduka na kuelea, nazo zingali hai. Akazikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusiana na saratani ya binadamu, na vilitoka katika mwili wa mtoto wa Uganda. Jina la mtaalamu latajwa kila mahali. Jina la mtoto, na la mama aliyembeba mgongoni hadi hospitali, halitajwi popote.

Na tiba? Hapa ndipo Kenya iingiapo. Katika hospitali kuu ya Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Peter Clifford aliwatibu watoto hawa kwa dawa mpya za wakati ule, kama Burkitt alivyofanya Kampala. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Baadhi ya watoto waliopata dozi chache tu walipona kabisa wakakua wakawa watu wazima, na saratani hii ikawa moja ya zile za kwanza ulimwenguni kuponywa kwa dawa pekee, bila kisu. Mwaka 1967 kituo maalumu kilifunguliwa Kampala chini ya John Ziegler. Huko walijifunza kubashiri: waliwapanga watoto kwa madaraja kulingana na mahali uvimbe ulipofika, wakaona nani ana tumaini kubwa na nani ana dogo. Walijifunza pia kwamba maradhi yaliporudi, mara nyingi yalikuwa yamejificha katika maji ya ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri. Basi wakaipeleka dawa huko huko. Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa za utabibu, ilitolewa kwa watu kadhaa waliofungua njia ya kutibu saratani kwa dawa, na miongoni mwao walikuwa Burkitt, Ziegler, na Mkameruni Victor Anomah Ngu aliyefanya kazi yake Ibadan. Mwaka huo huo kituo cha Kampala kilishikwa na Mganda, Charles Olweny, katika siku za Idi Amin ambapo kuendesha hospitali kulihitaji moyo wa simba.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Leo hii, mtoto wa Ulaya au wa Marekani akipatwa na saratani ya Burkitt, huponywa mara tisa katika kila kumi, au karibu na hapo. Mtoto wa Afrika, katika bara ambalo maradhi haya yalichunguzwa na kutibiwa kwanza, mara nyingi ana tumaini la nusu, na mahali pengine pungufu ya nusu. Watoto wetu walitoa damu na nyama zao, ulimwengu ukajifunza, kisha somo likapanda ndege likaenda zake. Mpinzani wangu atasema: basi leteni dawa za Ulaya! Lakini dawa zenyewe si ngeni. Iliyo kuu kati yake ilikuwako tangu miaka ya 1950, na bei yake si ya kutisha. Kilichopotea ni maarifa ya mahali. Dozi kubwa zitolewazo Ulaya huangusha damu ya mtoto hadi karibu na kufa, kisha huokolewa kwa damu ya kuongezewa, viuavijasumu na wauguzi wanaomkesha. Dozi hizo hizo ukimpa mtoto mwenye utapiamlo, mahali ambapo damu haipatikani usiku, dawa itamuua kabla ya uvimbe. Ni dozi gani itakayomfaa mtoto huyu, katika wodi hii? Hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachojibu. Ni utafiti wa kitabibu, ufanywao hapa na watu wa hapa, ndio utakaojibu, na mahali ulipofanywa umeanza kujibu.

Liko kundi la pili la wapinzani, na hili sitalidharau. Hao hawasemi kwamba utafiti ni anasa, wanauogopa. Husema kwamba mtu mweusi amefanywa panya wa maabara mara nyingi mno. Wana ushahidi. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, ikawaacha waliwe na ugonjwa ili uangaliwe mwendo wake, hata baada ya penisilini kupatikana. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi aliyekuwa akifa kwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore, zilichukuliwa bila ya yeye kuombwa ruhusa. Zikakuzwa, zikauzwa, zikazunguka maabara za dunia, na jamaa zake hawakujua neno kwa zaidi ya miaka 20. Asemaye kwamba haya ni madogo hana haki ya kuitwa mtafiti.

Lakini natupia jicho mahali ambapo hofu hii inatupeleka. Waovu wa Tuskegee hawakufanya uovu kwa sababu walichunguza; waliufanya kwa sababu walidanganya, wakanyima tiba, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Tangu kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, imekuwa sheria kwamba mtu asichunguzwe bila ridhaa yake, aelezwe kwa lugha aijuayo, na awe huru kujiondoa siku yoyote. Katika Kenya hakuna utafiti wa kitabibu uruhusiwao kuanza bila kibali cha kamati ya maadili. Sheria hizo huvunjwa? Yamkini huvunjwa mahali fulani, kama sheria za barabarani zivunjwavyo. Nasi hatukuacha kusafiri, tulidai askari. Anayefunga mlango kwa kuogopa mchunguzi mwovu humfungia pia yule mwema, na ndani ya nyumba hubaki maradhi.

Nanyi wasichana mnaosoma ukurasa huu mna haki ya kujua kwamba wenzenu wa rika lenu walikwisha kuufungua mlango huo. Virusi visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi vina chanjo, nayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Lakini chanjo ile ilipendekezwa kutolewa mara mbili au tatu, na mara ya pili ndiyo ilikuwa shida: msichana amehama, chanjo imekwisha, barabara imekatika. Je, dozi moja haitoshi? Wengi walidhani, hakuna aliyekuwa na hakika. Watafiti wa Kenya na wa Marekani, miongoni mwao Nelly Mugo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, waliwaalika wasichana na wanawake vijana 2,275, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, katika Kisumu, Thika na Nairobi. Wakagawanywa kwa kura makundi matatu: mawili yalipata dozi moja ya chanjo, kila kundi aina yake, na la tatu lilipata chanjo ya ugonjwa mwingine. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya miezi 18 maambukizo ya kudumu ya virusi viwili vilivyo vibaya zaidi yalionekana kwa watu 36 katika kundi la tatu, na kwa mtu mmoja mmoja tu katika kila moja ya makundi mawili ya kwanza. Mnamo Desemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kutumika. Nchi nyingi zikafuata. Wasichana wa Asia na wa Amerika ya Kusini leo huchomwa sindano moja badala ya mbili, na sababu mojawapo ni kwamba msichana wa Kisumu alielezwa, akafikiri, akatia sahihi. Hakuwa panya wa mtu. Alikuwa shahidi, na ulimwengu ulimsikiliza.

Basi kwa nini mambo kama haya ni machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole? Sitawalaumu wagonjwa. Nalaumu sanduku la fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe, iliagiza kwamba asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Mfuko huo haujapata kuuona mwaka wa kupewa kiasi hicho. Hata utafiti ule wa chanjo niliousifu ulilipiwa na wafadhili wa ng'ambo. Na anayemlipa mpiga zumari, tusijidanganye, ndiye achaguaye ngoma, hata akiwa mtu mwema. Tukingoja wafadhili watuulizie maswali yetu, watauliza yao.

Maswali yetu ni yapi? Sitataja yahitajiyo mitambo. Wanawake waliopasuliwa saratani ya matiti katika hospitali zetu miaka mitano iliyopita, ni wangapi ambao maradhi yamewarudia, na yametua wapi: katika mifupa, au katika mapafu? Kipimo cha jeni 21, tukikipima juu ya wanawake wa Kenya waliokwisha kutibiwa na ambao mwisho wao wajulikana, kitasema kweli mara ngapi? Kule Ziwani ambako malaria imepunguzwa kwa vyandarua, je, watoto wenye taya zilizovimba nao wamepungua? Na mtoto aliyeanza tiba akaachia katikati, aliachia kwa sababu ya nauli, au kwa sababu ya mganga, au kwa sababu wazazi walimwona amepona wakadhani yamekwisha? Sehemu kubwa ya majibu imeandikwa tayari kwa mikono ya wauguzi, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, katika madaftari yaliyorundikwa katika vyumba vya nyuma vya hospitali zetu, na mengine yanaliwa na mchwa.